Posa ya Pili

Jumanne

Natangaza rasmi: leo, hapa Ansab, Maskati, nimemaliza kwa mara ya sita ile riwaya ya Kiingereza niliyotoka nayo Unguja. Jalada lililiwa na mende zamani. Tajiri mwenye kiburi anamposa msichana huku akiwadharau jamaa zake. Anakataliwa, anajirekebisha, anarudi.

Magharibi kaja Salma, binti wa kaka yangu. Kaikataa posa ya watu wa Bawshar, mtaa wa pili, maana mama wa kijana alisema, "Sisi hatujali kama nyinyi mmetokea Zanzibar."

"Shangazi, kijana mwenyewe nnampenda. Atarudi?"

"Mpigie simu, wewe! Usikae kungoja."

Kule Unguja nami nilimkataa Nassor, aliyenipa kitabu hiki, kwa neno kama hilo la mama yake. Nikakaa nikingoja posa ya pili.

Nassor akaoa mwengine; pilau ya harusi yake nilisaidia kuipika.