Beki wa Kushoto

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko Itumba? Bibi yako amepona kifua. Usicheke nikikuita mjukuu: mdogo wa babu yako naye ni babu, hata akiwa kidato cha tatu.

Umeuliza kuhusu mtego wa kuotea kwenye soka. Mabeki hupanda pamoja, mshambuliaji akabaki peke yake nyuma yao, akahesabiwa ameotea. Akichelewa beki mmoja, mtego umevunjika.

Tulipomzika Aloni, beki wetu wa kushoto, tulicheza nusu fainali tukiwa kumi, nafasi yake tumeiacha wazi kwa heshima. Ukungu ulikuwa mzito. Tulipanda, wakafunga, tukatolewa.

"Ameotea, mzee!" tulimlalamikia mshika kibendera.

"Acheni kelele. Beki wenu wa kushoto si alibaki nyuma?"

Tuligeuka wote kutazama upande wa kushoto: ukungu tu. Siku hizi, kabla hatujapanda, huwa naita kwanza, kwa sauti ndogo: "Aloni, twende."

Babu yako,
Lusekelo