Kengele ya Fromaje

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Nimemchana Fromaje manyoya tena. Mbwa mmoja, nywele za kujaza mto. Nilianza shingoni, nilipofika mkiani shingo ilikuwa imeshaingia matope upya. Mgongo unaniuma mimi. Yeye amejilaza kama bibi harusi saluni.

Mwenye ferme, shamba la kutengeneza jibini, aliyenipa mbwa huyu alinionya: usimnyoe, manyoya yale humkinga baridi na jua pia. Sikumnyoa. Mkasi nilikuwa nimeshaunoa, lakini sikumnyoa.

Nimekata kucha zake za ziada, zile za miguu ya nyuma. Hazigusi chini, kwa hiyo hazisagiki. Ukiziacha zinajikunja na kuingia nyamani. Mmoja wetu alitetemeka. Hakuwa mbwa.

Jumatano, tarehe 5

Mke wangu, Mama Riziki, hakulala: Fromaje alibweka usiku kucha. Nimemweleza tena kwamba aina hii njo ilivyo huko kwao kwenye milima ya Ulaya: inabweka ili mbweha asikaribie, haingojei afike. Akajibu: "Basi umwambie mbweha akuje kimya-kimya, sisi tulale."

Ana haki ya kukasirika. Juma lililopita mbweha alichukua mwana-kondoo wetu upande wa pili wa kilima, na Fromaje alikuwa amelala huku na kondoo wengine. Bado kijana, anakawia kukomaa. Nilisema hivyo. Mama Riziki akanitazama kuanzia kipara hadi viatu. Alisema anaelewa mambo ya kukawia kukomaa.

Tumekubaliana: akipotea kondoo mwingine, mbwa anaondoka. Kaka yangu mkubwa, Papa Bahati, anakuja kutusalimia kutoka Mpofi, kule Walikale. Atamshusha Fromaje msituni huko akafundishwe kuwinda. Nilikubali. Mimi ni mume wa kukubali. Moyoni sitaki hata kidogo.

Jumamosi, tarehe 8

Papa Bahati amefika kwetu Nyamitaba, matope mpaka masikioni. Moto, ile pikipiki, ilimwangusha mara nyingi, anasema, na kila mara upande mmoja.

Sisi ni watoto wa mwindaji. Mbwa wa kwetu ni mdogo, mwekundu, mbavu nje, anakimbia kama ana deni. Kaka amemzunguka Fromaje polepole.

"Mudogo, hii iko mbwa ao iko kondoo?" akaniuliza.

"Njo mbwa, yaya," nikamjibu kaka yangu.

"Anakimbiza nini?"

"Hakimbizi. Anakaa na kondoo."

"Hata mimi naweza kukaa na kondoo. Na mimi sibweki."

Mama Riziki alicheka mpaka akashika mlango.

Kaka ametoa mfukoni kengele ya baba, ile ya mti. Kwetu kila mbwa wa kuwinda anaivaa. Ikilia, mbwa yuko kazini. Ikinyamaza, amekimbia ao amekufa. Tumemfunga Fromaje kengele hiyo shingoni. Akajikuna, akalala. Kengele kimya. Kaka akatikisa kichwa, akaenda kunawa matope. Ningependa angetukana.

Jumapili, tarehe 9

Misa. Mvua. Fromaje amekula bugali na maji ya jibini, kwa kipimo. Akinenepa, viungo vitamuuma. Kaka anamrushia mifupa kisirisiri. Nimemwona.

Jumanne, tarehe 11

Siku mbaya. Ukungu tangu asubuhi. Kondoo wamerudi peke yao. Malkia, kondoo mwenye mimba, hayupo. Fromaje hayupo.

Tulipanda kilima mimi na kaka. Tulisikiliza kengele kama baba alivyotufundisha, mdomo wazi, pumzi imezuiwa. Hakuna. Mara mbili tumepita juu ya bonde la mikaratusi. Hatukushuka, maana hapakuwa na sauti.

"Amekimbia, mudogo," kaka akasema. "Ao amekufa."

Nilimwita mbwa mwoga, kwa sauti, mbele ya kilima kizima. Nina aibu. Namtaka arudi.

Mama Riziki hakutaja makubaliano. Amepika bugali ya Fromaje na kuiweka mahali pake.

Jumatano, tarehe 12

Hakuna aliyebweka. Hakuna aliyelala.

Asubuhi Mama Riziki ametukuta tunafunga viatu. "Ninyi munatafuta mbwa wa baba yenu. Mutafute huyu yetu. Huyu anaendaka wapi? Penye kondoo iko."

Basi tukamtafuta kondoo. Kondoo anayetaka kuzaa anajificha wapi? Pasipo upepo. Tukashuka kwenye bonde la mikaratusi.

Fromaje alikuwa amelala ubavu. Nyuma yake Malkia. Kifuani pake, ndani ya manyoya yale ninayoyalalamikia, wana-kondoo wawili, wakavu. Nyayo za mbweha zilizunguka kwenye matope, zikazunguka tena, zikaondoka. Mbwa wetu hakuinuka. Alipiga mkia chini. Kengele haikulia hata hapo.

Alijaribu kubweka, sauti imekauka. Alibweka usiku kucha, ila kilima na upepo vilitunyima kumsikia. Na jana tulipopita juu alinyamaza kwa sababu tulikuwa sisi. Fromaje hawabwekei watu wa nyumbani.

Nilipiga magoti kwenye matope. Suruali ya Misa, maana ya kazi ililowa jana. Sijali.

Kaka alivua koti, akawafunga watoto ndani. Alichelewa kusimama. "Nilisema naweza kukaa na kondoo," akasema. "Hapa, mudogo, singeweza."

Jumamosi, tarehe 15

Kaka ameshuka Mpofi leo. Peke yake. Amemwachia Fromaje mfupa, safari hii hadharani.

Kengele nimeivua. Kamba ilikuwa imemla manyoya shingoni. Nimesafisha, nimetoa kupe, nimemchana. Mama Riziki alipendekeza niivae mimi, ajue ninapokwenda kwa jirani kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Mwishoni ameitundika kwenye mlango wa jikoni.

Mvua imeacha. Fromaje anabweka tangu jioni, sauti imerudi yote. Mama Riziki anakoroma.