Picha za Mume wa Mama Furaha

La Rochelle, Jumanne, 14 Mei 2013

Sijui kesho nitapitaje mbele ya mlango wake.

Mama Furaha, jirani yangu, alinipa kompyuta ya marehemu mumewe kwa kuwa nasomea ufundi chuoni. Nikamwahidi kuitengeneza. Juzi iliwaka kidogo, picha za mumewe zikatokea, kisha ikazimika; nikamwambia nimeziona. Leo nimeipeleka darasani. Mwalimu akaitegea sikio, akasikia diski inayohifadhi picha inagonga.

"Eish, hii imekufa," akasema. "Picha hazitoki tena."

Jioni nilimweleza Mama Furaha, tumesimama koridoni. Hakulia. Aliniuliza tu, "Wewe uliziona, mwanangu. Alikuwa amevaa nini?"

Picha zilipotokea juzi nilifurahi kwamba mashine imewaka, nikakimbilia kukagua nyaya. Uso wa yule baba sikuutazama.

Nikadanganya kwamba alivaa shati jeupe.

"Ndiyo," akasema polepole. "Lile alilonunua Bujumbura."

Mwaka wa pili huu nasoma, na nilichoweza kumpa yule mama ni uongo. Chuoni sitaki hata kurudi.

Sasa hivi, nyuma ya ukuta, anawasimulia watoto wake habari za shati hilo.