Koti la Samahani

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Rangi.
9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba yale magoti yameacha kukusumbua ukipanda ngazi. Sisi huku hatujambo, ila macho yangu siku hizi hayalioni tundu la sindano mpaka nisogee dirishani.

Uliuliza habari za mdogo wangu. Bado tunamwita Samahani, na bado jina linamstahili. Juzi alijigonga kwenye mlango wangu, akauomba radhi. Miaka kumi na mmoja yuko ghalani, na mara tatu nafasi ya usimamizi imekwenda kwa mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi. Safari hii ilipotangazwa tena, aliapa kwamba wakimpita ataacha kazi. Na watoto watatu unawajua.

Badala ya kujiandaa, akaenda kwa mwalimu wa kujiamini. Shangazi, kuna watu hawaoni haya. Bwana huyu anawafundisha watu wazima kusimama. Viatu vyake vimechongoka, na mshono wa nyuma wa koti lake umeachia wala hana habari. Anasema mwili ukisimama kishujaa, moyo nao utafuata: dakika mbili, miguu imeachana, mikono kiunoni, kidevu juu, na hofu inatoka. Kama ni hivyo, jogoo wa jirani angekuwa waziri.

Samahani akawa anafanyia mazoezi mbele ya kioo changu cha wateja. Mama mmoja alisubiri na gauni mkononi mpaka akachoka, ndugu yangu anatunisha kifua tu.

"Unamtisha nani?" nikamwuliza.

"Mwalimu anasema mwili unaudanganya moyo mpaka moyo unakubali."

"Na kifua kikichoka?"

"Samahani, dada. Hapo hatujafika."

Kisha akataka nimshonee koti la kuendea usaili. Hapa nikwambie jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua. Mtu yeyote akiona futi ya fundi hujivimbisha. Fundi humwambia apumue, anamsubiri ashuke, ndipo anapima. Usipofanya hivyo, unamshonea mtu ambaye hayupo. Mimi sikumwambia apumue. Nilimpima na upepo wake wote, nikakata hivyo hivyo. Nilitaka alivae, anywee, limning'inie mbele za watu, aachane na upuuzi wa yule bwana. Nilikuwa nimemchoka, Shangazi, nasema kweli.

Siku ya usaili nilikaa kwenye cherehani nikimngoja arudi analia. Hata maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga.

Amepata. Alinieleza mwenyewe, koti bado mwilini. Swali la kwanza alinywea kama kawaida yake, mara akasikia kitambaa kinalegea kifuani na kola inapanda hadi masikioni. Akainuka ili alijaze. Swali la pili akanywea tena, koti likamkumbusha. Anasema hakumbuki ni wakati gani aliacha kulijaza akawa amekaa tu ndani yake, anajibu kwa sauti asiyoijua.

Yule mwalimu bado ni debe tupu, hapo sibadili neno. Kazi wamempa kwa sababu ghala lile analijua hata gizani. Lakini alilijua miaka yote hiyo, na hakuna aliyemwuliza, mimi nikiwemo.

"Dada," akaniambia, "hukunipima nilivyo. Ulinipima nitakavyokuwa. Wewe peke yako ndiye uliyeniamini."

Hakusema samahani hata mara moja. Alisimama wima ananitazama machoni, na aliyeinama akiokota sakafuni pini ambazo hazikuwepo ni mimi.

Wasalimie mapacha, na babu wa redio umwambie betri zake zimo kwenye kifurushi. Wifi anakusalimu sana, siku hizi anatembea kama yeye ndiye msimamizi. Mungu akupe magoti mapya na usingizi mtamu.

Barua hii ukishaisoma, ichane. Mwezi ujao anakuja kukuona, na najua atakuja na koti hilo. Lisifie, Shangazi. Mimi nilijaribu, nikaishia kumnyooshea kola.

Bintiyo akupendaye,
Fundi wako