Tumekuja Kufanya Nini Huku

3 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima. Kifua cha mama kimetulia, ila helikopta ikipita hutoka nje na mwiko mkononi, akidhani unarudi. Wewe je? Unakula? Unalala?

Ile hotuba ya waziri niliiandika mimi. "Moto wa ng'ambo usipozimwa huko, utatufuata hapa." Wabunge walisimama kupiga makofi. Mama akauliza, "Kwa hiyo mwanangu ndiye ndoo ya maji?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Dada yako

20 Machi

Shikamoo dada,

Mimi sijambo, buti tu ndizo zimenichubua. Hotuba tuliisikia garini. Kamanda akanipiga bega: "Dada yako ana kalamu!"

Lakini nikueleze. Tumepiga kambi kwenye nyumba ya mama mmoja mshonaji. Jana alimuuliza mkalimani, "Hawa tuliwakosea nini?" Nikamsimulia ya moto. Akasema, "Hapa hapakuwa na moto mpaka mlipokuja."

Nimjibu nini? Nataka jibu, si hotuba.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Buti zimelainika?

Nilimuuliza mkuu wangu wa kazi. Akasema tunalinda njia za meli. Nikamuuliza, "Mbona hotubani hatukusema?" Akakoroga chai. "Nani atamtoa mwanawe akafe kwa ajili ya meli?"

Nimeacha kazi. Mama amenikumbatia. Neno la vita hii siandiki tena. Na jibu la yule mama sina, unisamehe.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Mama anaendeleaje? Mimi nipo.

Rafiki yangu tuliyemwita Tarumbeta kwa kukoroma kwake amekanyaga bomu. Alinishika shati: "Tumekuja kufanya nini huku?" Nikamwambia maneno yako ya moto, neno kwa neno. Akatulia. Akafa ametulia.

Leo unaniambia ni meli? Wewe umeacha kazi. Mimi niache nini? Siku hizi hotuba za redioni ni makapi, vijana wanaizima. Rudi, dada. Andika. Bila sababu sitaweza hata kufunga buti asubuhi.

Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu,

Pole sana kwa Tarumbeta. Nimesoma barua yako nimesimama, kukaa nimeshindwa.

Nimerudi. Mkuu alinisogezea kiti tu. Mama hanisemeshi, chakula ananiwekea, macho anageuza. Jumatatu waziri atasoma bungeni. Nimeiandika nikiwafikiria nyinyi tu, wewe na mama yake Tarumbeta. Sikiliza.

Dada yako

30 Juni

Shikamoo dada,

Tumesikia. Kamanda alivua kofia. Wapo waliolia. Hata mimi niliamini, nikala nikashiba.

Jioni tukapangwa mstari, kamanda akasoma amri. Bunge limeguswa mno na hotuba, kura za kuendeleza vita karibu zote ni za ndiyo. Tulikuwa turudi mwezi ujao. Sasa tunabaki mpaka mwakani, na wengine wanaletwa.

Mwambie mama wewe. Mimi sijui nianzie wapi.

Mdogo wako