Mtu Mmoja kwa Miaka Kumi na Mitano

Jumatatu, 4 Machi 1974
Lifti imeharibika tena. Ngazi mpaka ghorofa ya nne. Siku nzima nimeshinda na vipimo vya mwaka jana vya mikoko iliyopandwa upya kule Pwani, mahali msitu ulipokatwa wote kwa ajili ya boriti. Upuuzi mtupu. Kwa vipimo hivi miche ishirini imefupika. Mche haufupiki. Jioni nimegundua kisa: afisa wa kwanza alipima kutoka kwenye matope, wa pili akapima kutoka juu ya mizizi. Wa tatu sijui alipima nini. Mwaka mzima umepotea.

Alhamisi, 7 Machi
Rasimu ya mpango imekwisha. Vigingi arobaini, kila mwezi, miaka kumi na mitano. Urefu wa miche, kina cha matope, chumvi ya maji. Na sharti moja nililolipigia mstari: mpimaji awe mtu mmoja, akae kule kule. Si maafisa wa Nairobi kupokezana. Yona amenichorea ramani ya hori lote, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Kuchumbiwa na mchoraji ramani wa idara kuna faida zake. Alipomaliza alinitajia kila mti kwa jina, mkandaa, muia, mchu, kama mtu anayetaja jamaa zake. Ni mtu wa Rabai, kule kule Pwani, hajifichi.

Ijumaa, 15 Machi
Kamati imekubali yote, hata sharti la mtu mmoja. Bwana Muriithi, mkuu wetu, alinipa mkono mbele ya wanaume wote. Mwanamke mmoja mezani, na mpango ni wake. Kisha akaniambia nimletee jina la mpimaji kufikia Jumatano, maana mimi ndiye ninayejua nani anaweza. Nilishuka ngazi nikitabasamu. Nilipofika barabarani ndipo nilipoelewa. Anayeweza ni mmoja tu, na harusi yetu ni Agosti.

Jumapili, 17 Machi
Nyumbani, Riruta. Mvua. Nimemwogesha Mama, nimemlisha uji. Tangu apigwe na kiharusi mkono wa kulia haunyanyuki, na maneno humtoka nusu nusu. Daktari anataka kumwona kila wiki mbili. Sina ndugu wa kumwachia. Yeye hawezi kuhamia Pwani, basi na mimi siwezi. Nimeligeuza kila upande, jibu ni lile lile. Sijamwambia Yona kuhusu jina. Naogopa.

Jumanne, 19 Machi
Nimeandika jina la Mutiso. Kijana mzuri wa idara yetu, lakini hana subira. Vipimo huvikadiria akiwa kivulini. Najua. Nimeliandika hivyo hivyo. Nimeona aibu, halafu nimekula chakula cha mchana vizuri sana.

Jumatano, 20 Machi
Yona aliliona jina kwa karani wa taipu. Saa saba akaniomba tutoke. Tulikaa bustani ya Jivanjee, kila mtu na soda yake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema Mutiso atapima miezi mitatu, kisha ataanza kubuni. Alisema msitu ule ulikatwa yeye akiwa shule ya msingi, na haukupita muda kisima cha shangazi yake, pale kando ya hori, kikageuka chumvi. Shangazi akahama. Alisema amekaa Nairobi miaka minane na hajaizoea hata siku moja. Mimi nilikuwa sijui hilo. Miaka mitatu ya uchumba, sijui.
"Peris, hii kazi naitaka. Ungeniuliza ningekwambia."
Nikamwambia ndiyo sababu sikuuliza.
Akasema twende sote, na Mama. Nikamkumbusha habari za daktari. Akainamisha kichwa. Nikamuuliza kama atarudi baada ya mwaka, au miwili.
"Si wewe mwenyewe umeandika mtu mmoja? Sitakudanganya. Na sitakuomba uningoje miaka kumi na mitano."
Nilirudi ofisini, nikakata jina la Mutiso, nikaandika lake. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Alhamisi, 21 Machi
Nimelia chooni. Basi.

Jumamosi, 27 Aprili
Jana Yona aliondoka kwa treni. Sikwenda stesheni. Asubuhi alikuja Riruta kumuaga Mama. Mama alimshika kwa ule mkono mzima, akakataa kumwachia. Ilibidi nivifungue vidole vyake kimoja kimoja. Yona alipotoka Mama akaniuliza, "Lini?" Nikamwambia Agosti. Nimemdanganya mama yangu.

Jumatatu, 6 Mei
Nimepita kwa fundi cherehani, mtaa wa Biashara, kumwambia gauni lisishonwe. Alikuwa ameshakata kitambaa. Akauliza kama harusi imeahirishwa. Nikasema ndiyo, kwa uvivu wa kueleza. Nimekibeba vipande vipande kwenye mfuko wa karatasi. Namchukia Yona. Naichukia mikoko. Si kweli, yote mawili.

Jumanne, 11 Juni
Jedwali la kwanza limefika kwa posta. Mwandiko wake, namba ndogo zilizosimama wima. Vipimo safi, havina shaka yoyote. Barua hakuna. Nimeitikisa bahasha, nimechungulia ndani. Nimenakili namba kwenye daftari kuu mpaka saa kumi. Kigingi cha ishirini na sita kimeachwa wazi. Nimemwandikia kuuliza kwa nini. Sentensi moja. Nimetia sahihi kwa jina langu lote, na cheo chini yake.