Swali la Kiti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na goti lako la kushoto, maana nikikuuliza habari za mwili mzima utasema ni nzuri hata kama unatembea kwa kushika ukuta. Ile dawa ya kuchua ilifika? Shemeji asiiguse. Mgongo wake unaumwa na uvivu tu, na umwambie nimesema hivyo kwa heshima zote. Cherehani mpya umeizoea, au bado unaisingizia kila mshono unaokwenda upande? Wajukuu nawasalimu mmoja mmoja, bila kutaja majina, nisije nikasahau mmoja nikashtakiwa.

Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, na juzi nilijikuta naimba huku napiga mswaki, hadi jirani wa chini akagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Sababu ya wepesi huu ndiyo barua yenyewe. Nimekupigia simu mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Umeona mwenyewe, mtu mzima na akili zake anauliza mvua kana kwamba ana shamba. Kuna jambo lazima ulisikie kwangu, tena upesi, kwa sababu Miwani anakuja huko Jumapili kuwaona wazazi wake. Alikuwepo ukumbini nilipolisema, na mdomo wake hauna breki. Ukilisikia kwake kabla hujalisikia kwangu, sijui kama nitabaki na dada.

Miwani nimewahi kukutajia. Ni mwanafunzi wangu wa uzamivu, binti wa seremala wa huko kwenye makazi ya watu wetu, nyuma ya kiwanda cha mbao. Ni wa kwanza kutoka kwetu kufika ngazi hiyo tangu mimi. Mwaka huu nilimpa kazi ya kusikiliza kanda zangu za zamani na kuziandika neno kwa neno ili zihifadhiwe maktaba. Ndizo zile za miaka ishirini na sita iliyopita, ulipofunga cherehani miezi minne tukatembea mlango kwa mlango. Mimi nilibeba kinasa sauti na makaratasi ya maswali, wewe ulibeba maji na lugha. Nilikuwa nauliza kwa lugha ya shule, wewe unauliza kwa lugha ya kwetu, mtu anajibu, unanirudishia. Huko ndiko walikonibandika jina la Bi Daftari, na wewe badala ya kunitetea ukalishika.

Kitabu kilichotoka kwenye kanda zile unakijua kwa jalada lake tu, maana uliniambia kinafaa sana kuzuia mlango. Acha nikueleze kilichonifanyia. Wenzangu wote wanaochunguza ubaguzi wanaofanyiwa watu wa asili kama sisi walikuwa wanauliza kama nilivyokuwa nimeandika mimi kwenye karatasi: Je, umewahi kubaguliwa kwa sababu ya asili yako? Na watu wa asili kila mahali walikuwa wanajibu hapana. Nani atamwambia mgeni mwenye kalamu kwamba anadharauliwa? Wataalamu wakawa wanaandika kwamba hali si mbaya. Kitabu changu kiliuliza vingine. Kiliuliza, ukienda zahanati unakaa kiti gani? Na watu wakasema bila hata kufikiri kwamba hawakai, wanasimama mlangoni mpaka wenye viti waishe. Kiliuliza kiwandani chai mnanywea wapi, wakasema nje, kwenye magogo. Mtoto wako anarudi shuleni na chaki mikononi au hana? Hana, maana haitwi ubaoni. Wote walikuwa wamejibu hapana, na wote walikuwa wanasimama mlangoni.

Wasomi waliipa njia ile jina, wakaiita swali la kiti. Inafundishwa vyuo ambavyo sitavifikia. Zahanati kadhaa zilibadilisha utaratibu wa foleni kwa sababu yake. Mimi nilipandishwa cheo, nikapandishwa tena, na mwaka huu nikapewa uprofesa. Mtu akipewa uprofesa hupangiwa siku ya kutoa mhadhara mbele ya chuo kizima, akiwa amevaa joho. Langu lilikuwa refu, nikalipinda kwa pini kwa sababu fundi ninayemwamini yuko mbali.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Miwani aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akabaki amesimama kama aliyekuja kukiri kosa lake. Alisema kanda ya kwanza kabisa, ya siku ya kwanza kabisa, inanionyesha mimi nikiuliza lile swali la kubaguliwa, kisha mkalimani anamgeukia mwenye nyumba na kumuuliza anakaa kiti gani zahanati. Kanda ya pili vilevile. Ya tatu ndiyo ya chaki. Kitabu changu kinasema maswali hayo aliyabuni mtafiti. Nadhani alijiona anang'oa nguzo ya nyumba anayolala. Kisha akauliza na jambo la pili, ambalo nitalifikia, usinikimbize.

Nilimwambia aende nyumbani, nikamshukuru, nikabaki naangalia ukuta. Dada, ningeweza kusema kwamba tulikubaliana hivyo, kwamba mimi nilikutuma uulize vile. Nani angebisha? Wewe hukujua hata kama maswali yako yana jina. Kwa siku tatu niliupamba uongo huo mpaka nikaanza kuupenda. Siku ya nne nilikwenda kwa mkuu wa idara nikamweleza ukweli. Alinisikiliza huku anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari, akasema tusikuze mambo, wakalimani ni wasaidizi, itatosha kuweka maelezo mafupi chini ya ukurasa kitabu kitakapochapwa tena. Nikamuuliza maelezo hayo yatakuwa na ukubwa gani wa herufi. Akasema ndogo ya kawaida. Dada, hapo ndipo hasira iliponipata, na hasira ilinisaidia kuliko ujasiri. Nilimwambia kwamba nimekula miaka ishirini na sita juu ya kusema watu wetu husimamishwa mlangoni, na sasa ananishauri nikusimamishe wewe chini ya ukurasa. Alikunywa chai yake.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mkuu wa chuo mstari wa mbele, walimu, wanafunzi wamekaa mpaka kwenye ngazi, kipaza sauti kinakoroma. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nane. Nilisoma mbili, nikaziweka chini. Nikawaambia kwamba swali la kiti si langu. Nikasema ni la fundi cherehani aliyesoma mpaka darasa la nne kwa sababu nyumbani kulikuwa na nafasi moja tu ya shule na alimwachia mdogo wake. Nilitaja jina lako kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho, nikalirudia ili waandike. Nikasema mwanzo nilikuta majibu ya ajabu yasiyolingana na maswali yangu, nikayapenda, nikayachukua, na nilipoona yananipandisha nikasahau kwa makusudi yalikotoka.

Halafu mkuu wa chuo akauliza kama nina la ziada, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango. Hapo Miwani akanyoosha mkono kutoka kwenye ngazi, akauliza lile swali la pili mbele ya watu wote. Nadhani hakutaka kuniumiza, alitaka tu kujua. Nikamjibu. Jibu hilo nimekuhifadhia, na linakuja.

Kwanza nikumalizie habari ya chuo, ujue sijafukuzwa. Kamati ilikaa Jumanne, na mimi nilikaa nje kwenye benchi saa mbili na nusu, roho mkononi. Wakaniita ndani wakasema uprofesa unabaki, kwa kuwa kazi nyingine za miaka yote ni zangu na nimejisema mwenyewe, ila nimepewa barua ya onyo, na kitabu kitachapwa upya kikiwa na majina mawili kwenye jalada, lako likitangulia. Nililia mbele yao, kilio cha kushusha pumzi. Katibu wa kamati alinipa karatasi za kufutia machozi na kuniambia eti mbona wanaopewa onyo huwa hawafurahi hivi. Onyo lile nimelibandika jikoni.

Sasa swali la Miwani. Aliuliza: Profesa, dibaji ya kitabu inasema wewe hujui lugha ya kwenu, ndiyo maana ulihitaji mkalimani. Kama hujui, ulijuaje mkalimani ameuliza nini?

Dada, najua. Nimejua siku zote. Sijawahi kupoteza hata neno moja la lugha ya mama.

Nilikuwa na miaka tisa, muhula wa pili bwenini. Mama alikuja getini na sweta, akaniuliza kwa lugha yetu kama usiku nasikia baridi. Wenzangu walikuwa wamesimama nyuma yangu, wameanza kucheka vile anavyotamka. Mlezi wa bweni akaniuliza huyu mama anasema nini. Nikasema sijui. Mama alinitazama, akampa mlezi sweta, akaondoka. Nilipokuja likizo niliona aibu kugeuka, nikaendelea na sijui yangu, na wewe ukaanza kunitafsiria kwa huruma, ukidhani shule imeniondolea lugha. Uongo wa dakika moja, nikaulea miaka arobaini na sita. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilinifikisha mpaka uprofesa.

Kwa hiyo makazini nilisikia yote. Yule mzee wa msumeno aliyesema kwamba huyu mwenye viatu vya kung'aa anauliza kama askari, ukanigeukia ukaniambia anasema karibu sana, nilisikia, na kwenye daftari nikaandika mhojiwa mchangamfu. Yule mama aliyeuliza kama mimi ni mtoto wa nyumba ile au nimeokotwa, ukaniambia anawasifia wazazi wetu. Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi minne, na mimi nikajitia hamnazo, kwa sababu jioni ukishaondoka nilikuwa naandika majibu yao ya kweli. Ulipata jasho la kunifichia mambo ambayo nilikuwa nayasikia, na maswali yako nikayabeba kama yangu. Mimi ninayefundisha watu namna dharau inavyomfanya mtu ajikane, nilikuwa mfano wangu bora, na sikujiweka kitabuni.

Hilo ndilo nililowaambia ukumbini. Lipo moja ambalo sikuwaambia, ni lako peke yako.

Ile wodi ya mwisho, miaka tisa iliyopita, kitanda cha dirishani, mchana. Mama alikushika mkono akakwambia: Mwambie mdogo wako aache kukuchosha. Anasikia kila kitu. Tangu siku ile getini nilimwona machoni. Mwambie simdai. Ukakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa, kisha ukaniambia mama anasema ukale, umekonda. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakwambia umwambie nimeshakula. Ukamtafsiria hivyo hivyo. Mama akacheka kidogo, akafumba macho.

Basi tangu siku ile ulijua, nami nilijua kwamba unajua, na bado kila tukienda kwa shangazi unanigeukia na kunitafsiria salamu. Sijui ulikuwa unanisitiri au unaningoja. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka nimezeeka. Nisamehe. Nimelisema, na kwa mara ya kwanza tangu nina miaka tisa kifua changu hakinibani.

Barua hii naipeleka kwa basi la asubuhi, itakufikia kesho. Mimi nitakuja Jumamosi, nimekupa siku mbili za kukasirika bila kunitazama usoni. Msalimie shemeji, na mwambie mgongo wake nimeusamehe. Wasalimie watoto, majirani, na seremala, umwambie binti yake ana masikio ya dhahabu.

Nikifika usinitafsirie tena chochote. Nikalishe mbele yako, useme yale uliyonihifadhia miaka yote, kwa lugha ya mama, na usiyapunguze makali. Kama kuna matusi, nayataka yote. Nitakujibu kwa lugha hiyo hiyo, na ukicheka nitakuelewa, maana nitakuwa naongea kama mtoto wa miaka tisa. Hapo ndipo nilipoiachia.

Ni mimi mdogo wako,
Bi Daftari